Gauni la Papa wa Foto

Tangu nimalize masomo ya jioni ya ushonaji, nimetazama picha za zamani za watoto mpaka macho yangu yenyewe yamegeuka rangi nyeusi na nyeupe. Wengine wakiingia nyumba ya mtu hapa Mweso, Masisi, huomba maji. Mimi naomba albamu. Natazama kola, mikono, mapindo. Nionyeshe pindo la kaptura tu, nitakwambia ilipita kwa kaka wangapi kabla ya huyo aliyeivaa.

Sifa hizo zikamfikia Mama mmoja, jirani yangu, akaniletea picha yake. Walipokimbia vita aliacha mbuzi, sufuria, hata mlango mpya. Picha ile aliifunga kiunoni. Mtoto wa miaka miwili hivi, gauni jeupe, kola ya dantela, yaani lesi, vifungo vitatu kifuani.

"Mama yangu alikuwa anaitazama kila asubui," akasema. "Alikufa bila kuniambia. Weye mwenye kusoma, sema: huyu ni mimi, ao ni dada yangu mukubwa, mwenye alikufaka mbele nizaliwe?"

Sikufikiri hata muda wa kupiga chafya. Nikamwambia ushonaji huo ni wa mashine, dantela ni ya dukani, mambo yaliyokuja miaka ya baadaye. Basi ni yeye, mdogo. Mama akapiga vigelegele vilivyosikika, bila shaka, mpaka Burungu. Kufika Jumapili picha ilikuwa ukutani, na wajukuu wanaonyeshwa: "Mwone vile nilikuwa muzuri!"

Miezi michache baadaye nilikwenda Walikale kwenye harusi ya binamu yangu. Pikipiki ilinibeba nusu ya njia; nusu nyingine niliibeba mimi. Kabla sijapewa kiti, nikaomba albamu. Baba wa bwana harusi akacheka, akanitolea picha yake mwenyewe ya ubatizo. Gauni jeupe. Kola ya dantela. Vifungo vitatu kifuani.

"Papa, hili gauni lilikuwa la nani?"

"La Papa wa foto! Alikuwa anatembea na kamera na gauni moja ndani ya mufuko, toka kule kwenu Masisi mupaka huku. Kila mutoto, mwanaume ao mwanamuke, anavaa ile. Kama iko kubwa, anaibana na pini kwa mugongo. Weye ulifikiri sisi bote tulikuwa batajiri?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaisogeza picha kwenye mwanga, nikiilinganisha na ile ya Mweso.

Gauni moja likivaliwa na watoto wa milima yote, uchakavu wake unakuwa kalenda. Kwenye picha ya baba wa bwana harusi, kifungo cha katikati kilikuwa cheusi, kimebadilishwa, na pindoni palikuwa na kiraka. Kwenye picha ya Mama, vifungo vyote vyeupe, pindo zima. Basi picha ya Mama ilitangulia. Na nyuma ya ile ya baba wa bwana harusi palikuwa pameandikwa mwaka wa ubatizo: mwaka mmoja kabla Mama hajazaliwa.

Hakuwa yeye.

Ningeweza kunyamaza. Nani angekwenda Walikale kuhesabu vifungo? Lakini kuna mtoto niliyekuwa nimemnyang'anya sura yake, mimi mwenye kusoma.

Nilimkuta Mama anachambua maharagwe. Nikamweleza yote, gauni, kifungo, kiraka. Akainuka, akaitoa picha ukutani.

"Kumbe kila asubui alikuwa anamutazama yeye," akasema. "Na mimi niko nasimama pale kando, nafikiri iko ananitazama mimi."

Nikaanza kuomba msamaha, Kiswahili na Kifaransa pamoja. Akanikatiza.

"Nyamaza kidogo, mwana wangu. Mama alinielezaka kifo cha mukubwa wangu. Hakunielezaka haya mashavu." Akapitisha kidole juu ya uso wa mtoto. "Ona. Ndiyo mashavu ya mama kabisa."

Akanawa mikono, akavaa kitenge kipya, akaketi mlangoni na picha mapajani.

"Toa simu yako. Utupige foto, sisi bawili."

"Basi cheka kidogo, Mama."

"Mukubwa wangu anacheka?"

"Hapana."

"Na mimi sicheki."

Nilipiga mara nane. Zote nane, yeye na dada yake wamekunja uso sawasawa.