Nilikata Telefone ya Mama Mukwe, Sasa Banasema Anapoteza Akili

Admin, tafazali ufiche jina yangu.

Minyi niko mama wa myaka makumi tatu na mbili, niko hapa Kamina, nafundisha informatike, kazi ya ordinatere, ni kusema kompyuta. Bwana yangu ni askari, analala ku Base ya jeshi, anarudia siku ya yenga, siku ya misa. Tunaishi na mama yake. Yeye iko mu anexe, kanyumba kadogo nyuma ya nyumba kubwa. Baba mukwe, mbele ya kufa, alitumika kazi ku reli. Njo yeye alivuta waya ya telefone kutoka anexe mpaka ku salon yetu, sebuleni. Mama akinyanyua, kwetu inalia, minyi nakimbia.

Wakati nilianza masomo ku internet, antene ilishika tu juu ya anexe. Bibambazi bya nyumba ni binene, internet haikufika ku salon. Nikawaza ile waya. Nikatia kasanduku kamoya ka internet mu plafon, dari ya chumba ya Mama, kengine ku salon, na ordinatere zote zikashika muzuri. Lakini telefone na internet havikupatana mu waya moya. Nikakata telefone. Ile ya Mama nikaiacha pa meza, nikisema nitamwambia. Sikumwambia.

Siku moya, muchana, Mama akaanguka, akavunjika mufupa ya kiuno. Akajivuta mpaka ku telefone, akaita, akaita. Minyi nilikuwa ku salon, nacheka na banafunzi benzangu ku ekran ya ordinatere. Nilimukuta pa chini wakati nilimupelekea bukari ya kula.

Alipokuwa ku hopitali, woga ikanishika. Nikarudisha waya kama zamani.

Mama aliporudi ku nyumba, dada ya bwana yangu akafika kutoka Bukama, akanyanyua telefone ya anexe. Ikalia ku salon.

"Mama, si inalia? Weye uliita wapi?"

"Niliita sana, mwana wangu."

Yeye na bandugu bengine bakaangaliana. Tangu pale banasema akili yake imeanza kutoka. Banataka kumupeleka Bukama, bamuchunge kama mutoto. Na bwana yangu amekubali.

Jana nilikuwa namunawisha miguu. Akaniuliza mupole, "Weye ulisoma. Muntu akianza kupoteza akili, yeye mwenyewe anajuaka?"

Niliinamisha kichwa, nikaendelea kunawisha.

Nikisema, ndoa yangu itavunjika. Nikinyamaza, Mama ataondoka mu nyumba ya bwana yake akijiona mwenda wazimu. Bamama na bababa munaosoma hapa, nishaurini: nianze kumwambia nani, bwana yangu ao Mama mwenyewe? Juma hii njo anapanda treni.