Picha Tano Zilizobaki Kwenye Kamera ya Baba

Tulikuwa wanne juu ya paa la jengo la maegesho kule Alexandria: mimi, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiegesha magari ya wageni wa hoteli ya jirani na ndiye aliyetuombea ruhusa ya kupanda, kitinda mimba wetu, aliyekuwa mgeni bado Marekani, akitetemeka ndani ya koti langu, na mzee mmoja wa Tanga, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyeleta stendi yake ya miguu mitatu. Nikimhesabu baba tulikuwa watano. Kamera ilikuwa yake, na kila nilipoishika nilihisi nimeshika kitu ambacho mwenyewe hajamaliza kukitumia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na baba alikuwa amelala Kitale muda mrefu.

Alikuwa mpiga picha. Mama alituacha kitinda mimba akiwa hajaanza kutembea, na baba akamfuata kabla mtoto huyo hajajua kusoma. Mimi ndiye niliyemkuta. Alikuwa ameketi studioni kwenye kiti cha wateja, kamera mapajani, vidole viwili vimeshika kile kishikio kidogo kilicho juu, upande wa kushoto. Nilimwondolea kamera polepole, kama unavyomchukua mtoto aliyelala kifuani mwa mtu. Nilikuwa kidato cha pili. Shuleni sikurudi tena, maana kulikuwa na wawili wa kulishwa.

Baada ya maziko, baba mdogo alikusanya vitu vya studio akavifungia kwake, kamera ikiwemo. Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja muuza mboga. Baba alikuwa amempiga picha binti yake mdogo, na yule binti akafa kwa surua picha ikiwa haijasafishwa. Hakuwa na nyingine. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi.

"Sikuja kudai hela, mwanangu. Nataka tu nimwone."

"Nitakuletea, mama," nikamwambia.

Alirudi mara nyingi. Kisha akaacha kuuliza. Nikienda sokoni alinifungia sukuma wiki, akaongeza kidogo juu ya nilichonunua, akaniangalia. Afadhali angeuliza. Huku Virginia nimewaogesha wazee wa watu na kuwageuza kitandani, na katikati ya kazi nikiinua macho namwona mlangoni, hajaketi.

Kwa hiyo kitinda mimba alipofungua sanduku lake, akatoa kamera iliyoviringishwa kwenye leso, mimi ndiye niliyelazimika kuketi. Mke wa baba mdogo alikuwa amempa siku ya kuondoka, bila maelezo. Filamu ilikuwa bado ndani. Ilikuwa ya picha thelathini na sita, na kidirisha cha kuhesabia kilionyesha thelathini na moja.

"Tuitoe tukaisafishe kesho," akasema.

"Zimebaki tano."

"Dada, ni tano tu."

"Baba hakuwahi kutoa filamu haijaisha."

Ni kweli. Kwetu filamu iliyotiwa Krismasi iliweza kungoja hadi Pasaka, na wateja wakangoja nayo. Picha iliyoachwa tupu baba aliiita chakula kilichomwagwa. Nililelewa hivyo, nami niliwalea wale wawili hivyo, kwa sahani zilizofutwa hadi mchuzi wa mwisho. Sikuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya picha tano.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta habari ya roketi. Wageni wa hoteli walikuwa wakisema itarushwa usiku kutoka pwani ya Virginia, na mbingu ikiwa safi itaonekana hadi kwetu. "Tummalizie baba filamu kwa kitu ambacho hakuwahi kukipiga," akasema. Nilipenda wazo hilo.

Basi tukawa pale juu, tukibishana. Baba alitufundisha namba zake za lenzi tukiwa wadogo, namba ikipungua lenzi inafunguka zaidi: jua kali, kumi na sita, mawingu, nane, kivulini, nne. Moto unaopaa gizani hakuwahi kutufundisha.

"Fungua lenzi yote," akasema mdogo wangu. "Hili giza."

"Giza gani?" akauliza mzee. "Geuka uitazame Washington. Mbingu imekuwa chai ya maziwa. Ukifungua yote utapata picha ya chai."

"Kwani mzee umewahi kupiga roketi?"

"Nimepiga fataki za Julai, siku yao ya uhuru, hapahapa, kwa stendi hii unayoiegemea. Ondoa mkono. Moto unakuja na mwanga wake, kijana. Wewe kazi yako ni kuacha mlango wazi upite."

"Basi nane," nikasema.

"Filamu ingekuwa mpya, nane. Lakini hii imezeeka, macho yake yamepungua kama yangu. Anza na tano nukta sita, binti, halafu ongeza na upunguze."

Niliweka tano nukta sita. Kasi niliiweka kwenye herufi B, ambapo lenzi hubaki wazi muda wote unaobonyeza, nikafunga waya wa kubonyezea ili mkono wangu usiitikise kamera. Pete ya umbali niliizungusha hadi mwisho. Picha ya kwanza niliijaribia taa nyekundu ya mnara wa mbali.

Roketi ilitokea chini kabisa, upande wa kusini-mashariki, rangi ya chungwa, bila sauti yoyote. Nilibonyeza. Ilipanda kama mtu anayechora mstari bila kuinua kalamu. Niliachia, nikavuta filamu, nikaweka nane, nikabonyeza tena. Ikazimika, ikawaka upya juu zaidi, nyeupe sasa, nikaweka nne. Ya mwisho niliipiga mbingu ikiwa imeshabaki tupu, kwa sababu ilikuwepo.

Wenzo wa kuvutia filamu ukagoma. Filamu imeisha.

"Pole na kazi, baba," akasema kitinda mimba, akiiambia kamera.

Nikabonyeza kitufe cha chini, nikainua kile kishikio kidogo cha kushoto kwa vidole viwili, nikaanza kuirudisha filamu kwenye mkebe wake. Mdogo wangu alinimulikia tochi. Ndipo nikaona namba za kidirishani zikirudi nyuma pamoja na mkono wangu. Thelathini na tano. Thelathini na nne. Zilipofika thelathini na moja vidole vyangu vilisimama. Vilikuwa pale vilipokuwa vya baba.

"Dada, endelea," akasema mdogo wangu.

"Alikuwa amemaliza," nikasema. "Alikuwa anairudisha. Tumepiga juu ya picha zake."

Walinitazama bila kuelewa, isipokuwa mzee, aliyevua kofia.

Picha tulizichukua kwenye duka moja la Alexandria. Nyingi za mwanzo zilikuwa zimefifia, zambarau, lakini watu unawatambua. Tano za mwisho kila moja ilikuwa na vitu viwili. Bwana na bibi arusi wamesimama ndani ya taa nyekundu ya mnara. Na binti wa muuza mboga ameketi kwenye kiti kilekile cha wateja, miguu haifiki chini, na mstari wa moto unapanda kutoka begani kwake, unapita juu ya uso, unatokea kwenye paji. Jicho moja linaonekana. Linamtazama baba.

"Mpelekee hivyo hivyo," akasema mdogo wangu. "Atasema ni malaika."

"Alitaka kumwona mtoto wake. Roketi ni yetu."

Kitinda mimba hakunikumbusha alichosema siku ile ya sanduku. Alinieleza tu kwamba kabla ya kusafiri alipita sokoni, na yule mama yupo, amezeeka, akamfungia sukuma ya safari kana kwamba Marekani hakuna mboga, akauliza kama mimi ni mzima.

Nimepeleka ile filamu kwa mafundi watatu, wauondoe ule mstari usoni kwa mtoto. Wote wameinua kioo cha kukuzia, wakatazama, wakanirudishia kwa upole. Picha iko kabatini, kwenye leso iliyokuja na kamera. Sijaipeleka, na sijamwambia yule mama kwamba ipo.