Mtu wa Darini, Bila Kelele za DJ

Kuna filamu ya vita vya zamani ninayompendekezea kila mtu, ila usitazame ile iliyotiwa Kiswahili na DJ. Mimi nilianza na hiyo, kwenye banda la video kule Otonglo, siku ambayo mwalimu wa hesabu aliamini nina malaria.

Kijana anawakimbia askari, anajificha darini kwa mamake, anakaa humo miaka na miaka. Kwa DJ hiyo ni vichekesho. Panya ni landilodi. Kijana akikohoa, DJ anasema dagaa wa omena wamemkwama kooni. Tulicheka mpaka benchi likatumwaga. Mwisho sikuuona kwa sababu stima ilipotea, lakini nilishaamua kwamba hiyo ndiyo dawa ya kaka yangu.

Kaka alikuwa mvuvi Asembo Bay. Mashua yao ilipinduka, na rafiki yake hakutoka majini akiwa hai. Baada ya mazishi kaka alirudi nyumbani Nyamasaria, akajifungia ndani ya simba, kile kijumba ambacho kijana wa Kijaluo hujengewa karibu na lango akishakua. Ulikuwa mwezi wa tano sasa tangu ajifungie. Kwetu mama haingii simba ya mwanawe, hata dunia ipasuke. Kwa hivyo kila jioni Mama alileta kigoda, akaketi nje na kuongea na mlango. Habari za kanisa, bei ya nyanya, ng'ombe wa jirani. Mlango haukumjibu.

Mimi ndiye niliyeruhusiwa kupita. Niliingia na sahani ya ugali, nikatoka nayo imejaa, nikaimaliza nyuma ya jikoni ili Mama asione. Kaka alibaki mifupa. Katika msiba ule wote, aliyenenepa ni mimi.

Niliitafuta filamu ile, nikaipata kwa mwanafunzi mwenzangu, nikaiweka kwenye simu, nikampa kaka bila hata kuitazama kwanza. Nilimwambia atacheka mpaka atoke nje mwenyewe.

Kesho yake nilipotoka shule niliingia na sahani, nikamkuta ameketi kitandani, macho mekundu. Nakala ile haikuwa na DJ. Akanisimulia polepole nilichokosa. Panya ni panya tu. Mama wa kijana anakaa chini ya dari akishona, na kijana akikohoa, naye anakohoa kwa nguvu ili majirani wadhani ni yeye. Askari wanapoondoka, kijana anashuka. Kiti cha mamake ni kitupu.

"Ulisema inachekesha," kaka akasema.

Badala ya mzaha nikamsogezea sahani. Mimi hutania hata matangani.

Nje, Mama akakohoa.

"Nyathina, mwanangu, chai inapoa."

Kaka akautazama mlango. "Omera, ndugu yangu, huyu hukaa hapo tangu lini?"

"Tangu urudi."

Nikisema alitoka nitakuwa mwongo kama DJ. Alijaribu kusimama, miguu ikamkataa. Akajikokota sakafuni, akaegemeza mgongo mlangoni na kulia bila sauti, mbao zikitetemeka. Nilisikia kigoda kikisogezwa, halafu mgongo wa Mama ukitua upande wa pili wa mbao zilezile.

Mimi nilitoka kwa dirisha na sahani yangu. Mlango ulikuwa umeshikwa pande zote mbili.