Mzee Rehani Anaikwangua Bahari

Ukungu haujaondoka Uluguru, na Mzee Rehani ameshaketi barazani kwake, mjini Morogoro, wembe mkononi, anaikwangua bahari.

Bahari yenyewe imo kwenye kioo cha kupigia picha, kipana kama sahani: ufuko wa Bagamoyo, mawimbi na wingu moja. Mpiga picha huyu aliipiga akiwa kijana. Alikuwa na sanduku zima la bahari. Mwaka huu wa 1916 kimebaki kioo hiki tu.

"Tangu vita vianze meli haziji," anasema. "Dawa ninayo kidogo. Kioo hakipatikani hata kwa Mhindi. Basi nakwangua cha zamani, napaka dawa upya."

Wateja wake sasa ni wapagazi. Wadachi, yaani Wajerumani, wanawakusanya vijana milimani wabebe mizigo ya askari, na wengi hawarudi. Wasiouawa na njaa huuawa na kuhara.

Mzee alizaliwa Bagamoyo. Utotoni mkondo ulimchukua, papa akamzunguka, akamwacha kwa kuwa alikuwa mifupa mitupu. Papa huyo hurefuka kila mwaka anaposimuliwa. Sasa amefikia urefu wa behewa. Lakini sauti ya mzee hubadilika akifika kwenye wimbi lililomrudisha nchi kavu.

"Lilinipa uhai bure. Kila picha ya bahari niliyopiga ilikuwa ahsante."

Asubuhi hii wamekuja watu wa Mlali: Yakobo na mpwa wake Alois, anayeondoka kesho na mizigo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekula?"

"Tumekula njia," anajibu Alois.

Yakobo hacheki. Benedikto, kaka yake Alois, alifia safarini, hakuna ajuaye wapi. Ukoo ukazika mgomba badala yake.

"Mama yao alikataa kulia," anasema Yakobo. "Alisema, mimi sikuzaa mgomba. Huyu tunataka uso wake ubaki."

Anakitazama kioo. "Unafuta nini, mzee?"

"Bahari. Ya mwisho."

Yakobo anashika kofia yake. "Basi iache. Sisi tutarudi."

"Na mama yake mtamwonyesha nini? Kaeni."

Wembe unapita juu ya wingu. Mzee haangalii pembeni mpaka kioo kiwe cheupe.

Alois anasimamishwa ukutani.

"Mjomba, unanizika nimesimama," anamwambia Yakobo.

"Nyamaza, utatoka umefumba macho," anadakia mzee.

Picha ikishatolewa kwenye kioo hadi karatasi, na jua likishaikausha, Yakobo anaitia kifuani, ndani ya shati, na wawili hao wanapanda njia ya Mlali.

Mzee anaufuta wembe kwenye kanzu. Macho yake yameanza kuingia utando, na ana mpango mmoja.

"Vita vikiisha nashuka Bagamoyo kwa miguu, nikaishukuru bahari ana kwa ana. Namngoja Alois anishike mkono; hajapata kuiona yule. Nimemwambia arudi. Mzigo wangu si mzito, ni mimi na fimbo."