Paa la Aalborg na Chumba cha Mama

Katika kanisa letu la Wakongomani kule Brooklyn Center, kando ya Minneapolis, mtu akikuuliza, "Mama yako anakaa wapi?" haulizi anwani. Anauliza kama wewe, mtoto wa kwanza na wa kiume, umemweka mama yako kwako. Kwa miaka mingi nilijibu kwamba anakaa Denmark kwa dada yangu mdogo, na aliyeuliza alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayeambiwa kwamba gari limeshatengenezwa na shemeji. Nilitaka jibu hilo libadilike. Nilikuwa nimepata uraia wa Marekani, nina nyumba Coon Rapids yenye chumba cha ziada, na sheria inamruhusu raia kumwombea mama yake kibali cha kuhamia. Kilichobaki ni mama mwenyewe kukubali.

Tulitenganishwa tukiwa kambi ya wakimbizi. Faili langu na la mke wangu lilikwenda Marekani. Faili la mama na dada yangu likaenda Denmark, kaskazini mwa rasi ya Jutland, katika mji wa Aalborg, kando ya Limfjord, ule mkono wa bahari unaoikata rasi hiyo toka pwani hadi pwani. Shule yangu ilikatizwa na vita, kwa hiyo vitu vingi ninavyovijua nimejisomea. Nafanya kazi kwenye ghala huko Eagan, na siku za mapumziko huwa maktaba. Nilipotaka kujua mama yangu anaishi mahali gani, nilianza na vitabu. Habari za Jutland ya Kaskazini zilikuwa chache: upepo, mchanga, samaki, jua linalokaa chini miezi mingi ya mwaka. Ila kulikuwa na kitabu kikubwa cha usanifu wa majengo, na ndani yake sura nzima kuhusu jumba la sanaa ya kisasa la Aalborg. Nikaisoma hiyo. Ndivyo nilivyokuja kulijua jengo moja la mji wa mama kuliko nilivyojua anachokula huko.

Jengo lenyewe limechorwa na wasanifu waliotoka Ufini na Denmark. Limekaa chini ya kilima chenye miti, jeupe, fupi, limepanda kwa ngazi ngazi. Kazi kubwa iko kwenye paa. Nuru inaingia juu, inagonga vizuizi vyeupe vilivyokunjwa kama kiganja, ndipo inateremka ukumbini ikiwa imepoa. Jua halifiki kwenye picha moja kwa moja. Nililiona hilo kuwa jambo la akili sana, na kila Jumapili nilimpigia mama simu nikitaka kujua zaidi.

"Mama, umeliona paa lake?"

"Paa ya nini? Mimi naona theluji."

"Lile jumba la sanaa. Liko karibu nawe."

"Baba," alisema. Huniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la baba yake. "Unauliza habari ya paa, huulizi hata kama nimekula."

"Umekula?"

"Nimekula. Sasa endelea na paa yako."

Siku moja alinipigia yeye. "Nimeenda kuona nyumba yako."

"Nyumba ipi?"

"Ile unaongea kila Jumapili. Iko ndogo."

Nikamweleza kwamba haikuwa ndogo. Wasanifu waliishusha ili isishindane na kilima. Akanisikiliza hadi mwisho. "Sawa," akasema. "Iko ndogo kwa makusudi."

Nikamweleza pia kwamba marumaru ya ukutani ilitoka Italia, ikapindishwa na baridi kadiri miaka ilivyopita, hadi ikabidi ibadilishwe.

"Kumbe hata mawe yalishindwa na hii baridi. Na miye walinipa kofia tu."

Lakini kabla hajakata simu aliniambia kitu nilichokishika. Macho yake yanaumizwa na mwanga mkali. Alisema, "Mule ndani macho yangu hayaumi." Na baadaye dada yangu aliniambia kwamba mama amekata kadi ya mwaka na anakwenda pale kila wiki.

Nilifanya hesabu yangu vizuri, kama ninavyofanya siku zote. Kama nuru ndiyo inayomfurahisha Aalborg, basi nitampa nuru hiyohiyo Coon Rapids. Alikuwa amekubali kuja kukaa nasi kuanzia majani yanapogeuka rangi hadi theluji ikishika, aone maisha yetu, kisha aamue kama nipeleke maombi ya karatasi zake. Kabla hajafika nilikitengeneza kile chumba cha ziada. Dirisha lake linaelekea kusini, na jua la majira hayo huingia chini chini na kumpiga mtu usoni. Nilikunja mbao nyembamba, nikazipaka rangi nyeupe isiyong'aa, nikazifunga chini ya dirisha ili jua lipige hapo kwanza, lipande darini, ndipo lishuke. Taa nilizificha nyuma ya ubao karibu na dari. Mke wangu, anayefanya kazi hospitali, alisimama mlangoni akatazama.

"Umejenga wodi," alisema. "Mimi nikitoka kazini nataka nifike nyumbani, si nirudi kazini."

Mama alipoingia alitazama juu, akatazama chini ya dirisha, kisha akanitazama mimi. "Hizi mbao zinanilinda na nani?"

"Na jua."

"Asante. Zaidi ya macho, jua halijawahi kunifanyia kitu, lakini asante."

Hata hivyo chumba kilifanya kazi. Mama alisoma Biblia yake mle ndani bila kukunja uso. Wanangu walihamishia humo kazi zao za shule. Wanakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama alipochoka na jambo hilo akaanza kuwajibu kwa Kidenmark. "Sasa tuko sawa," aliwaambia, na hapo walicheka, maana hilo alilisema kwa Kiswahili.

Jumamosi nilimpeleka Minneapolis, nimwonyeshe kwamba na sisi tunayo sanaa ya kisasa. Katika ile bustani ya sanamu alisimama muda mrefu mbele ya kijiko kikubwa kuliko basi, kilichobeba tunda moja jekundu la cheri. Nilianza kumweleza habari ya vipimo na vitu vya kawaida vinavyokuzwa.

"Anayekiosha ni nani?" aliuliza.

Nikasema sijui. Lilikuwa swali la kwanza la sanaa ambalo sikuwa nimelisomea.

Wiki zilivyopita nilianza kuona kwamba mama ananyamaza. Hakulalamika. Nilirekebisha pembe ya zile mbao, nikidhani jua limeshuka zaidi, na kweli lilikuwa limeshuka. Haikusaidia.

Jibu lililetwa na jirani wa nyumba ya tatu, mama mmoja Mmarekani mwenye gari jeupe. Alibisha mlango siku nilipokuwa nyumbani, akaniambia kwa upole mwingi kwamba hapendi kuingilia mambo ya watu, lakini mama yangu anapotea karibu kila siku, na yeye humrudisha. Nilimshukuru. Nikaenda chumbani.

"Mama, unapotea?"

"Nani anapotea? Nilikuwa naenda kuona ile barabara inaishia wapi. Huyu mama anakuja na gari, anafungua mlango, anacheka. Nikatae?"

"Kila siku?"

"Nilifikiri ni kazi yake. Nilifikiri serikali inamlipa arudishe watu kwao."

"Ungemwambia hapana."

"Kwa luga gani? Nilimwambia kwa Kidenmark. Akanifunga mkanda."

Nilicheka hadi nikaketi kitandani. Yeye pia alicheka, lakini aliacha kabla yangu. Mtaa wetu hauna njia ya waendao kwa miguu. Anayetembea huku huhesabiwa kuwa gari lake limeharibika, au akili. Mama alikuwa hajawahi kufika mbali kuliko kona.

Nikaanza kupanga. Jumamosi ningemtembeza mimi. Siku za mapumziko yake, mke wangu. Jumapili kuna kanisa.

"Kwa hiyo nikitaka kutoka, naomba," alisema.

"Si kuomba, Mama. Ni kusema tu."

"Kusema, kiisha kungoja."

Nikamuuliza anavyofanya Aalborg. Alinieleza bila haraka. Anaamka, anavaa, anasimama kwenye kituo. Dereva anamjua. Anashuka, anatembea kidogo, anafika kwenye jumba la sanaa. Mfanyakazi wa mlangoni anamwamkia, mama anamjibu, na yule anamrekebisha Kidenmark chake bila kumcheka. Anaketi ukumbini. Siku nyingine haangalii hata picha moja. Akitosheka anarudi, na njiani ananunua vitunguu kama dada yangu hana.

"Na nuru?" niliuliza. Sikuweza kujizuia.

"Nuru iko nzuri, baba. Hata hii yako iko nzuri, umejua kazi. Lakini kule ninaenda mwenyewe."

Nilisema tunaweza kuuza nyumba tuhamie Brooklyn Center, karibu na kanisa na mabasi ya kwenda mjini.

"Uhame nyumba kwa ajili ya basi? Na mkwe wangu afike hospitali yake na nini?"

"Asante, Mama," mke wangu alisema kutoka jikoni, ambako nilidhani hasikii.

"Nitakuja kutembea," mama alisema. "Nitakaa hata miezi. Lakini nyumba yangu iko kule. Hizo karatasi usizipeleke."

Aliyasema hayo akikunja shuka, kwa sauti ileile aliyoulizia nani anaosha kijiko. Nilijaribu mara moja tu tena. Nilimwambia watu wa kanisa watasema nini.

"Watasema mama yako anakaa Denmark. Si ni kweli?"

Siku iliyofuata nilikwenda maktaba kukitazama tena kile kitabu kikubwa. Mchoro wa eneo lote ulikuwepo: kilima, miti, mteremko wa nyuma, hata mwelekeo wa kaskazini kwa mshale mwembamba. Nilitafuta kituo cha basi. Hakikuchorwa.

Jioni hiyo nilimpigia dada yangu. Miaka yote hiyo hakuwa amesema hata mara moja kwamba anataka mama abaki kwake, wala kwamba hataki. Nilimwambia mama anarudi, na kwamba sitapeleka maombi. Nikasikia anavuta kiti.

"Kaka," alisema, "mbona sauti yako ni ya msibani? Anakuja kwangu, haendi kaburini."

"Sijasema nina huzuni."

"Ndiyo maana nauliza." Kisha akavuta pumzi ndefu, na nikajua kwamba alikuwa ameisubiri simu hiyo kwa muda mrefu kuliko mimi. "Nitampokea uwanja wa ndege. Mwambie asiwabebeshe abiria wengine mizigo yake."

Mama aliichukua simu mkononi mwangu. Alimwambia amletee lile koti zito uwanjani, si lile jepesi. Alimwambia aangalie kama kadi ya mwaka haijaisha.

"Kiisha ukipita pale nyumba ya picha," alisema, "mwambie yule wa mlangoni kaka yako atakuja, theluji ikiisha."

Sikuwa nimesema kwamba nitakwenda.

"Ndiyo, ni huyo wa paa," mama aliendelea. "Mwambie ana maswali mengi. Aanze kupumzika sasa."