Vizibo vya Pua vya Mamba Muntu

Mimi ni mwalimu, na darasani husema mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, hayuko ziwani. Lakini kwa sikukuu ya uhuru vijana walinibembeleza nimwigize, nikakubali, mradi mtu asijue. Shida ilikuwa pua: nikipiga mbizi, maji yaliingia mpaka kichwani. Nikakanda nta na masizi, nikapata vizibo viwili vyeusi kama ngozi yangu, nikavifunga uzi wa kuvitolea.

Jana nikielekea mazoezini nilikuta kizuizi cha askari. Siku hizi za uasi kila mfuko unapekuliwa. Askari alitoa vizibo, akavinusa.

"Hii ni dawa ya waasi, ya kugeuza risasi maji."

Nyuma yangu alisimama mama mkwe na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani. Tangu Pasaka anashuhudia kanisani alivyomfukuza mamba muntu kwenye matete. Kwa aibu nikadanganya: "Hapana, shefu. Ni ya kikohozi."

"Basi meza."

Nilitia kimoja mdomoni, kikagoma kushuka. Akakoki bunduki. Nikakitema, nikachukua na kile kingine, nikavisukuma vyote viwili puani na kueleza kila kitu, mkia wa gunia, mazoezi ya alfajiri kwenye matete, kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Askari alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Alitua beseni, akaniangalia puani.

"Mukwe," akasema polepole, "kumbe ni weye mwenye nilikemeaka kwa jina la Yesu."