Nafasi Mbele Yake

Kila Jumanne akina mama wazee wa mtaa wa Iftin huja kwenye kituo chetu cha afya kucheza buraanbur, ngoma yao ya harusi ya Kisomali ambayo mimi muuguzi nimeifanya iwe mazoezi yao ya viungo. Bibi mmoja kati yao ndiye hufunga mlango na kuvuta pazia, wanaume wasichungulie. Kisha huvua sandali, huziegemeza ukutani, na kutandaza mtandio kwa mikono iliyopakwa hina. Mtungi wa plastiki ukipigwa, magoti yanayomtesa siku nzima humtii. Ngoma hii huchezwa na wawili wakitazamana. Yeye hucheza peke yake, lakini husogea, hurudi, husubiri, kisha huinamisha kichwa kama aliyejibiwa.

Jumanne iliyopita mgeni kutoka Habaswein alimwonea huruma, akaingia mbele yake. Bibi akasimama. Mtungi ukanyamaza. Akamshika mgeni mkono, akamsogeza kando polepole.

"Samahani, walaal, ndugu yangu," akasema. "Hapo iko dada yangu."

Wenzake wakatazama sakafu. Wao ndio waliomsaidia kuosha maiti ya dada huyo, mwezi wa Rajabu. Mtungi ukaanza tena, naye akasogea, akarudi, akasubiri. Mimi ndimi niliyewaambia kwamba kucheza humsaidia mzee asisahau.